Kodi ya Nyumba, Kodi ya Kichwa, na Mtoto Asiyehesabiwa



Kila mwaka, baada ya hesabu za fedha na taarifa za karo na mazishi, twatenga kurasa chache za kitabu hiki kwa habari za kale zenye faida kwa mambo ya leo. Mwaka huu tumechagua habari ya kodi, na hasa jinsi sheria za kodi za nchi yetu zilivyomtazama mtoto ambaye baba yake na mama yake hawakuoana wala hawakai pamoja. Huenda wengine wakaona ya kuwa jambo hili halifai kuandikwa mbele ya wazee. Lakini shauri lenyewe limeletwa mbele ya kamati yetu mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Mama hufika kuomba msaada wa karo; na baba, ambaye naye ni mwanachama, akiulizwa, hujibu ya kuwa mshahara wake wakatwa kodi sawasawa na wa kijana asiye na mtoto hata mmoja. Tumetaka kujua kama asema kweli, na kama ni kweli, yalianzaje.

Kodi ya kwanza ya Serikali ya kikoloni ilihesabu nyumba. Sheria yake ilitolewa mwaka 1901, nayo kodi ilianza kwa Rupia 1 au 2 kwa kila nyumba, kisha ikapanda hata Rupia 3. Mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake, alilipia nyumba tatu. Mjane aliyebaki na nyumba yake naye alidaiwa, isipokuwa Mkuu wa Wilaya amsamehe kwa ajili ya umaskini. Vijana wasio na nyumba walionekana kuwa wameponyoka, kwa hiyo mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa juu ya wanaume wasiolipa kodi ya nyumba. Wazee wetu wasimulia jinsi kodi hiyo ilivyowatoa vijana vijijini kwenda kutafuta fedha katika mashamba ya walowezi, katika reli na katika miji. Baada ya fedha kubadilishwa kuwa shilingi, kodi ilifika Shilingi 16. Na baada ya manung'uniko ya miaka ya 1921 na 1922, wakati Bwana Harry Thuku alipokamatwa na watu wakapigwa risasi mjini Nairobi, ikateremshwa hata Shilingi 12.

Tuangalie vema jambo moja katika habari hiyo. Karani wa kodi aliuliza nyumba ni ngapi na wanaume ni wangapi. Hakuuliza ni watoto wangapi walao katika nyumba ile. Tena kodi yenyewe ndiyo iliyomtenga baba na watoto wake kwa kumpeleka mbali kutafuta shilingi. Mabweni ya mjini yalijengwa kwa ajili ya mwanamume peke yake, na mshahara wake ukapimwa kana kwamba hana jamaa. Wengi walizaa huko bila mahari kutolewa na bila wazazi wa pande mbili kukutana. Hatusemi hivi ili kuwatolea udhuru. Twasema ili ijulikane ya kuwa desturi hii mpya ilikuwa na chanzo chake.

Kodi ya mapato iliingia mwaka 1937. Katika kodi hiyo mlipaji aliweza kupunguziwa kwa sababu ya mke na watoto. Lakini kiwango chake kilikuwa cha watu wenye mapato makubwa, na Waafrika walioifikia walikuwa wachache mno; wengi wetu tulibaki katika kodi ya kichwa, ambayo haikujua mtoto.

Baada ya Uhuru, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973 iliweka nafuu za namna tatu: nafuu ya mwenye jamaa, nafuu ya asiye na ndoa, na katikati yake nafuu maalum ya mtu asiye na ndoa aliyekaa na mtoto na kumlea. Nafuu hii ya katikati ilikuwa jambo jema, kwa maana mama mwenye kulea peke yake alitambuliwa na sheria. Hata hivyo ilimfuata yule aliyekaa na mtoto nyumbani. Baba aliyekuwa Mombasa akipeleka karo Machakos kila muhula alihesabiwa kuwa kapera. Katika miaka ya 1990 nafuu hizo ziliunganishwa kuwa moja kwa kila mlipaji. Tangu Aprili 2020 nafuu hiyo iliwekwa kuwa Shilingi 2,400 kwa mwezi, sawa kwa mwenye watoto sita na kwa asiye na mtoto. Basi ndugu yetu yule aliyejibu mbele ya kamati, katika hilo la kodi, alisema kweli.

Lakini sheria ya malezi ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1959 ilitolewa sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumshitaki baba wa mtoto ili atoe fedha za matunzo. Mwaka 1969 Bunge likaifuta, na katika Bunge lile hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Bibi Grace Onyango, aliye wa kwanza, alichaguliwa mwishoni mwa mwaka uo huo. Kwa zaidi ya miaka thelathini mzigo ukamwelemea mama. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimpa baba asiyeoa njia za kupata wajibu wa mzazi, mojawapo ikiwa mapatano na mama. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, ikakata shauri kabisa: baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imefuata msingi huo.

Kwa hiyo leo sheria moja yamwambia baba, "Lipa, kwa kuwa mtoto ni wako," na sheria ya pili yamwambia, "Twakukata kodi kana kwamba huna mtoto." Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtoza kodi hauoni uzito wa karo asiyoilipa yeye.

Nchi nyingine zimejaribu kuliondoa tatizo hili. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1984 iliweka ya kuwa nafuu ya mtoto ni ya mzazi anayekaa naye, lakini mzazi huyo aweza kumwachia mwenzake kwa kutia sahihi fomu. Na mwaka 2003 Mahakama ya Kodi ya huko iliamua ya kuwa kanuni hiyo yawahusu hata wazazi ambao hawakuoana kamwe. Uingereza nayo, kabla ya kuiondoa nafuu ya namna hiyo mwaka 2000, iliruhusu igawanywe ikiwa watu wawili wamedai kwa mtoto mmoja.

Wazee wengine watasema ya kuwa nafuu kama hiyo itawapa vijana moyo wa kuzaa bila ndoa. Twawaheshimu, nasi hatuidharau ndoa. Lakini hatumjui kijana aliyezaa kwa kuhesabu kodi. Na mtoto hakuchagua. Neno zito zaidi ni hili: mtu ambaye mshahara wake hauzidi Shilingi 24,000 kwa mwezi halipi kodi ya mapato, kwa hiyo mama maskini hatapata kitu katika nafuu yo yote. Ni kweli. Ndiyo maana twaona nafuu ingefaa kumfuata mzazi anayeonyesha hati ya fedha alizotoa kwa mtoto, ili kutoa kuwe na faida kuliko kuficha.

Basi twatoa mashauri matatu. Kwanza, wazazi wasiokaa pamoja waandike mapatano yao mbele ya mashahidi, na kamati i tayari kuwasaidia kuyaandika. Pili, kila atoaye karo au matunzo aweke stakabadhi, hata za malipo ya simu. Tatu, Mkutano Mkuu ufikirie kupeleka ombi Bungeni, kama Kifungu cha 119 cha Katiba kinavyomruhusu kila mtu.

Na mwanachama yule aliyetujibu habari ya kodi, twamwambia kwa heshima: neno lako tumelipokea na tutalifikisha panapohusika. Lakini muhula unaanza kabla ya Bunge kukutana. Karo ya mtoto ilipwe kwanza.

Sisi watumishi wenu katika kazi ya Chama.