Mboga Chungu ya Treviso

Baridi inapoanza kuuma mashambani Treviso, kaskazini-mashariki mwa Italia, mboga nyingi hunyauka. Radikio, jamii ya chikori, ndiyo kwanza inakaribia msimu wake. Wakulima wa ile aina inayochelewa husubiri jalidi ipige shamba walau mara mbili, kisha huing'oa pamoja na mizizi.

Kazi yenyewe huanzia hapo. Mashina husimamishwa gizani, mizizi ikiwa ndani ya maji ya chemchemi yenye joto la nyuzi 12 hivi. Kwa kukosa mwanga, majani machanga ya moyoni hayapati ukijani: hutoka mekundu kama divai, mshipa wa kati mweupe pe, na uchungu hupungua. Majani ya nje yaliyooza hutupwa, mzizi huchongwa kwa kisu, na kinachobaki ni kidogo. Ndiyo maana bei yake haina mzaha.

Sifa ya ufundi huu hupewa Francesco Van den Borre, mtunza bustani Mbelgiji wa karne ya 19, ingawa wapo wanaoshikilia kuwa wakulima waliugundua wenyewe. Mwaka 1900 Giuseppe Benzi, mtaalamu wa kilimo, aliandaa maonyesho ya kwanza ya radikio mjini Treviso. Tangu 1996 jina la radikio ya Treviso linalindwa na sheria za Ulaya.

Watu wa Treviso huichoma kwa mafuta ya zeituni, au huichanganya na wali. Watu wa Roma nao wana chikori yao, puntarelle: machipukizi huchanwa nyembamba, hulowekwa maji baridi mpaka yajikunje, kisha hutiwa kitunguu saumu, siki na visamaki vya chumvi.