Kwenye nyayo za Morgan, kiwanda kilichowazika waliokilisha

Ukitoka Bromyard kwenda Hereford, magharibi mwa Uingereza karibu na mpaka wa Wales, barabara hupanda na kushuka vilima katikati ya mashamba ya matufaha. Mwishoni mwa karne ya 19 kijana mmoja alikodi gari la Benz lenye nguvu ya farasi tatu na nusu, akaja nalo njia hii. Mteremkoni likamshinda. Breki hazikushika, gari likaharibika, na baba yake akalazimika kulipa pauni 28 za matengenezo. Baba mwenyewe alikuwa kasisi wa kijijini, na kwa kasisi wa kijijini wa enzi zile pauni 28 hazikuwa mchezo.

Kijana huyo ni Henry Frederick Stanley Morgan, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Morgan, ambaye wapenzi wa magari humwita kwa herufi tatu tu, HFS. Alizaliwa mwaka 1881. Baba yake, George Morgan, alikuwa kasisi wa parokia ya Stoke Lacy iliyo kando ya barabara hiyohiyo. Wanaokwenda kuhiji kwa Morgan wengi hushukia moja kwa moja Malvern, mji wa kiwanda chake, wanapiga picha kwenye lango la kiwanda na kurudi London na treni ya jioni. Mimi nawashauri waanzie Stoke Lacy, kanisani. Hapa ndipo unapoelewa fedha zilitoka wapi. Kasisi George, badala ya kumpiga marufuku mwanawe baada ya hasara ile, alimlipia uanagenzi kwenye karakana za reli ya Great Western mjini Swindon, na baadaye akatoa mtaji wa gari lake la kwanza. Si kila mzazi angefungua mkoba mara ya pili.

Kutoka Stoke Lacy unageukia mashariki mpaka chini ya vilima vya Malvern. Mnamo 1905 HFS alifungua gereji Malvern Link, kwenye Barabara ya Worcester. Aliuza magari ya watu wengine na kuendesha basi dogo la Wolseley la abiria kumi. Mwaka 1909 akaamua kuunda chombo chake mwenyewe. Vyuma vya maana vilichongwa kwenye karakana ya shule ya Malvern College kwa msaada wa mwalimu wa uhandisi aitwaye Stephenson-Peach.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataelewa haraka nikisema kilikuwa bajaji iliyogeuzwa: magurudumu mawili yako mbele na moja nyuma. Mpangilio huo ndio unaofanya chombo kisibiruke kirahisi kwenye kona, kwa sababu uzito wa injini na upana wa ekseli viko upande mmoja. Bomba la chuma lilipita katikati kutoka mbele hadi nyuma, na ndani yake ilizunguka shafti. Injini ya Peugeot ya silinda mbili ilikaa mbele. Nyuma kulikuwa na minyororo miwili, mmoja kila upande wa gurudumu: mmoja wa mwendo wa pole, mwingine wa mwendo wa kasi. Dereva alichagua mnyororo upi ushike, na hiyo ndiyo ilikuwa gia yake. Rivasi haikuwepo, ukikwama unashuka na kusukuma.

Kitu cha kutazama kwa makini, kwa yeyote anayetaka kuijua Morgan, ni sehemu ya mbele. Kila gurudumu lilipanda na kushuka kwenye nguzo ya wima iliyovikwa springi, bila kutegemea mwenzake. Leo magurudumu ya mbele yanayojitegemea ni jambo la kawaida kwenye gari lolote, lakini mwaka 1909 magari mengi bado yalikuwa na ekseli moja nzima kama ya mkokoteni. Nguzo hizo zilidumu. Morgan za chesisi ya chuma ziliendelea kuzitumia, kwa marekebisho madogomadogo, hadi uundaji wa magari hayo ulipokoma mwaka 2020.

HFS alikwenda kusajili hataza. Michoro yake ilifanywa na kijana aliyekuwa akifanya kazi kwa wakala wa hataza, jina lake John Black. Mkumbuke huyo, maana atarudi.

Kwenye maonyesho ya Olympia jijini London mwaka 1910, Morgan ilipata sifa nyingi na wateja wachache. Sababu ilikuwa wazi: ilikuwa na kiti kimoja. Nani anunue gari ambalo hawezi kumpakia mchumba wake? Mwaka uliofuata vikawa viti viwili, na duka la Harrods likaiweka dirishani kwake kwa bei ya pauni 65. Maombi yakamiminika kiasi kwamba HFS alizungukia viwanda vikubwa kuomba wamtengenezee. Vikamkatalia. Ndipo alipochukua fedha za utangulizi za wateja, akanunua mashine na kutengeneza mwenyewe.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Mwaka 1913 Morgan iliyoendeshwa na W. G. McMinnies iliongoza mashindano ya magari mepesi ya Amiens, Ufaransa, na wenyeji wakajitetea kwamba chombo cha magurudumu matatu ni pikipiki yenye kigari cha pembeni. Mwaka 1924, baada ya ajali mbaya ya dereva E. B. Ware kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, magurudumu matatu yakapigwa marufuku kushindana pale na magari ya manne. Hata hivyo, barabarani yaliuzwa, na kilichoyauza zaidi ni kodi. Kuanzia 1921 gari la kawaida lilitozwa pauni moja kwa kila nguvu ya farasi, ilhali chombo chepesi cha matatu kilitozwa pauni 4 tu kwa mwaka. Austin ilipoleta gari lake dogo la Seven mwaka 1922, lenye magurudumu manne na bei nafuu, ile faida ikaanza kuyeyuka. Mwaka 1936 HFS akatoa gari la magurudumu manne na silinda nne, akaliita 4-4, na injini yake ikatoka Coventry Climax.

Injini hiyo inatufikisha kwenye jambo ambalo vijitabu vya wapenzi wa Morgan hulipa mistari miwili na kuliacha. Watu husema Morgan haijabadilika. Ni maneno yanayopendeza lakini hayasimami. Morgan ni kampuni iliyoishi kwa injini za watu wengine. JAP, Blackburne, Anzani na Matchless zilizikokota zile za matatu. Ford ikaingia miaka ya 1930. Zikafuata Coventry Climax, Standard, Triumph, Rover, Fiat na BMW. Kila msambazaji alipofunga duka au kuacha kutengeneza injini ile, Malvern walilazimika kuchora upya, kukata boneti na kusogeza kisanduku cha gia. Hata ule uso wa mviringo wa miaka ya 1950, ambao leo tunauita sura ya asili ya Morgan, ulitokana na uhaba: taa za mbele za kusimama peke yake hazikupatikana tena, ikabidi taa zimezwe na bodi.

Sasa John Black. Yule mchoraji wa hataza alipanda ngazi mpaka akawa Sir John Black, mkuu wa Standard na Triumph mjini Coventry. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitaka gari la spoti la kuuza Marekani, akaona njia ya mkato ni kuinunua Morgan, ambayo ilikuwa imeanza kutumia injini yake ya Standard Vanguard kwenye modeli ya Plus 4. HFS na mwanawe Peter wakakataa kwa adabu. Black akaenda kuunda gari lake mwenyewe, Triumph TR2, lililokuja kuwa mshindani mkubwa wa Morgan. Na bado, ajabu iliyoje, aliendelea kuwauzia injini. Plus 4 ikapata injini ileile ya TR2. Posa ilikataliwa, mahari ikapokelewa.

Mchezo huo ulirudiwa mwaka 1966. Peter Wilks wa Rover alifika Malvern na pendekezo la kuinunua kampuni. Peter Morgan, aliyeshika usukani baada ya baba yake kufariki mwaka 1959, alikataa, kisha akaulizia injini nyepesi ya alumini ya V8 ambayo Rover ilikuwa imeinunua kutoka Marekani. Mwaka 1968 injini hiyo ya lita 3.5 ikatokea ndani ya Morgan Plus 8, iliyoendelea kutengenezwa hadi 2004. Kwa maoni yangu hilo ndilo pigo la akili kuliko yote katika historia ya kiwanda hiki.

Katikati ya posa hizo mbili kulikuwa na ushindi mmoja na aibu moja. Mwaka 1961 waandaaji wa mbio za saa 24 za Le Mans waliikataa Morgan ya Chris Lawrence kwa kuwa ilionekana gari la kizamani. Mwaka uliofuata Lawrence na Richard Shepherd-Barron wakarudi nayo, namba ya usajili TOK 258, wakashinda daraja la lita mbili. Mashindano yalipokwisha, gari lilirudishwa Uingereza kwa kuendeshwa barabarani. Aibu ni Plus 4 Plus, gari la bodi ya faibaglasi lenye paa la mviringo, lililozinduliwa 1963 ili kuwafurahisha waliodai usasa. Wateja walilipa kisogo. Yalitengenezwa 26 tu, na leo wakusanyaji wanayatafuta kwa udi na uvumba.

Mwaka 1990 alikuja mshauri. Sir John Harvey-Jones, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni kubwa ya kemikali ya ICI, alipita kiwandani na kamera za BBC. Wakati huo yalitoka magari kama kumi kwa wiki, na foleni ya wanunuzi ilihesabiwa kwa miaka. Akawashauri wapandishe bei, waongeze uzalishaji na waachane na ukale. Peter na mwanawe Charles hawakumfuata. Kipindi kiliporushwa, maombi yakaongezeka. Lakini haki itendeke: baadaye walipanga upya sakafu ya kiwanda na kununua zana mpya, mambo ambayo mzee yule hakuwa amekosea kuyasema.

Kiwanda chenyewe kiko Pickersleigh Road, mwendo mfupi kwa miguu kutoka gereji ya kwanza. Ni safu ya mabanda ya matofali mekundu kwenye kiwanja chenye mteremko, na kwa miaka mingi magari yaliyokamilika nusu yalisukumwa kwa mikono kutoka banda moja hadi jingine, mteremko ukisaidia. Nenda kwanza kwa maseremala. Utanusa vumbi la mbao kabla ya kuona gari. Mbao ni za mti uitwao ash, ule ambao Waingereza huchongea mipini ya shoka kwa sababu hupinda bila kuvunjika. Tao la juu ya gurudumu la nyuma hutengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopakwa gundi, vikapindwa pamoja na kubanwa mpaka vikauke. Juu ya fremu hiyo fundi bodi hufunga bati au alumini. Umbeya kwamba chesisi ya Morgan ni ya mbao upuuze: mbao ni za bodi. Chesisi ilikuwa ya chuma, na kuanzia Aero 8 ya mwaka 2000 zikaja za alumini iliyounganishwa kwa gundi.

Anayetaka kununua Morgan ya zamani ajue hilo, kwa sababu ugonjwa hujificha humohumo. Fungua mlango, uinue taratibu kwa kushika ncha yake. Ukicheza au ukining'inia, huenda nguzo ya bawaba imeoza, na kuibadilisha ni kuvua bodi. Ingiza mkono chini ya matao ya nyuma, mahali matope hukaa. Kisha inua pua ya gari kwa jeki, shika gurudumu la mbele juu na chini, ulitikise. Likiyumba, bushi za zile nguzo za 1909 zimekwisha. Zinataka mafuta mara kwa mara, na wamiliki wavivu huzisahau. Rangi inayong'aa isikulevye.

Familia haiimiliki tena kwa kiasi kikubwa. Peter alifariki 2003, Charles akaondolewa kwenye uongozi mwaka 2013, na 2019 kampuni ya uwekezaji ya Italia, Investindustrial, ikanunua sehemu kubwa ya hisa. Gari la magurudumu matatu, lililoachwa 1952, lilirudi 2011, na mrithi wake, Super 3, akatoka 2022 akiwa na injini ya Ford ya silinda tatu. JAP haipo. Matchless haipo. Standard, Triumph ya magari na Rover zimekwenda. Ford, iliyoingia mwaka 1933, bado inauza injini Malvern.

Ukipata nafasi ya kwenda, weka ziara ya kiwandani mapema kwa sababu nafasi hujaa, na uvae viatu vya kutembelea mteremkoni. Ukiwa mbele ya gari lolote pale, la mwaka wowote, acha kuuliza lina umri gani. Muulize fundi injini ilitoka kwa nani.