Tarikhi ya Kimeng'enya cha Rangi za Maua

Kabla wanazuoni wa Ulaya hawajapata chombo chochote cha kuwafunulia yatendekayo ndani ya mmea, rangi ya ua ilikuwa imekwisha kuwapa ushahidi uliotosha kuwaanzishia safari ndefu. Mwaka 1664 Robert Boyle, katika kitabu chake cha majaribio juu ya rangi, alieleza jinsi sharubati ya maua ya violeti, ambayo asili yake ni buluu, inavyogeuka kuwa nyekundu ikitiwa tindikali, na kuwa kijani ikitiwa kitu cha jamii ya magadi. Karne mbili na nusu zikapita, na huko Ujerumani Richard Willstätter akaichambua rangi ya lile ua la buluu liotalo katika mashamba ya ngano, akailinganisha na ya waridi jekundu, na kwa mshangao wa wengi akathibitisha kwamba jauhari ya rangi katika maua hayo mawili ni moja. Mwaka 1915 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Lakini kwangu mimi, hatua iliyokuwa na busara zaidi katika zama hizo aliipiga Muriel Wheldale wa Cambridge, ambaye tangu mwaka 1907 alikuwa akichapisha matokeo ya kuzalisha maua ya antirinamu, akichavusha meupe kwa mekundu na ya manjano kwa ya zambarau, na kuandika kwa uangalifu ni rangi ipi iliyorithiwa na kizazi kipi. Wengine walitosheka kuhesabu maua. Yeye aliifungamanisha mirathi ya rangi na kemia yake, akishikilia kwamba rangi hizo huundwa kwa matendo ya vimeng'enya, na mwaka 1916 akayakusanya maarifa ya wakati huo katika kitabu juu ya rangi za mimea ziitwazo antosianini. Kimeng'enya chenyewe kilichofungua mlango wa rangi hizo hakuwahi kukiona. Alifariki mwaka 1932, miaka 40 kamili kabla hakijadhihirika.

Kilidhihirika Freiburg, tena si katika ua, bali katika pasli, mboga ya majani iliyo jamaa ya kotimiri. Seli za mmea huo zililelewa ndani ya chupa za maji yenye lishe, na zilipotolewa gizani na kupigwa na nuru zikaanza kuunda kwa wingi flavonoidi, jamii ambamo antosianini nazo zimo, maana miongoni mwa kazi za flavonoidi ni kuikinga mimea na miale ya jua iliyo mikali hata kudhuru seli. Hapo Fritz Kreuzaler na Klaus Hahlbrock wakazikamua, na mwaka 1972 wakaonyesha kwamba katika maji yale mna kimeng'enya ambacho huchukua kijenzi kimoja chenye kaboni 9, kitokanacho na asidi amino iitwayo fenilalanini, kikakiunga na vijenzi vitatu vya malonili, kimoja baada ya kingine. Kila malonili huingia na kaboni 3 na kupoteza moja kama kaboni dioksidi, hata mwisho hupatikana umbo la kaboni 15, ambalo ndilo kiunzi cha flavonoidi zote. Kwanza walidhani kwamba kimeng'enya hicho hukamilisha pete zote tatu za umbo hilo peke yake. Hata mwaka 1980, Werner Heller na Hahlbrock walipokisafisha sana, ikabainika kwamba kazi yake huishia kwenye kalkoni, kitu cha manjano chenye pete mbili, na kwamba pete ya tatu hufungwa na kimeng'enya kingine kinachokifuata.

Kisha likatokea jambo ambalo nadhani halijapata mfano katika tarikhi ya elimu ya mimea. Huko Oakland, California, Carolyn Napoli, Christine Lemieux na Richard Jorgensen walitia katika petunia jeni ya ziada ya kimeng'enya kile kiundacho kalkoni, na kwa hesabu ya kawaida ilitarajiwa kwamba maua yangekolea rangi. Kumbe asilimia 42 ya mimea iliyopokea jeni hiyo ilitoa maua meupe kabisa, au yenye mabaka meupe juu ya zambarau. Na mwaka huohuo wa 1990 watafiti wa Amsterdam nao wakatangaza mambo kama hayo. Jeni iliyoongezwa ilikuwa imejinyamazisha na kumnyamazisha pamoja nayo mwenziwe wa asili, na ujumbe wa RNA uliopaswa kuagiza kimeng'enya ulikuwa umepungua mara 50. Sababu ilianza kueleweka mwaka 1998, wakati Andrew Fire na Craig Mello walipoonyesha katika mnyoo mdogo kwamba RNA yenye nyuzi mbili ndiyo inyamazishayo jeni, nao wakapata Nobel mwaka 2006. Haifai mtu kuisimulia habari ya tuzo hiyo bila kuyataja maua yale ya Oakland.

Umbo la kimeng'enya lilibaki fumbo hadi mwaka 1999, Jean-Luc Ferrer, Joseph Noel na wenzao wa La Jolla waliposoma kwa miale ya eksirei fuwele za kimeng'enya cha alfalfa, yale majani ya kulishia mifugo. Alfalfa nayo haikuwa mmea wa kubahatisha: mbegu na mizizi yake hutoa flavonoidi ziwaitazo bakteria wanaoingia mizizini kuifanyia mbolea ya naitrojeni, kama zifanyavyo pia kunde na maharage yetu. Ilionekana kwamba kimeng'enya ni pacha, nusu mbili zilizo sawa zimeshikamana, kila moja ikiwa na chumba chake cha kazi, na methionini ya nafasi ya 137 ya nusu moja imechomoza hata ikawa sehemu ya ukuta wa chumba cha mwenziwe. Vijenzi hupenya kwa njia nyembamba. Sisteini ya nafasi ya 164 hukishika kijenzi cha kwanza, histidini ya 303 na asparagini ya 336 husaidia kuiondoa kaboni dioksidi katika malonili, na mnyororo unaokua hujikunja kwa kufuata nafasi ya chumba, kama dhahabu iliyoyeyuka ifuatavyo kalibu ya sonara.

Kalibu hiyo ikibadilika kidogo, kitu kiundwacho hubadilika. Mzabibu na karanga zina kimeng'enya kilicho ndugu wa karibu wa hiki, kitumiacho vijenzi vilevile kwa idadi ileile, ila hukunja mnyororo kwa namna nyingine, na badala ya kalkoni hupatikana resveratroli, ambayo kwa mmea ni silaha dhidi ya kuvu. Mwaka 2004 kundi lilelile la La Jolla lilibadilisha asidi amino chache katika kimeng'enya cha alfalfa, nacho kikaanza kuunda resveratroli.