Mtihani wa Kiingereza na Sikio la Mwanafunzi

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet inajulikana sana ya kuwa chai haipimwi kwa macho peke yake. Mwonjaji hutazama kwanza majani makavu. Kisha huyatia maji ya moto, akavuta maji yake kwa kijiko, akayatema. Ndipo atoapo hukumu. Yafaa tuulize, msomaji: je, Kiingereza cha mwanafunzi nacho kimepimwa hivyo, au kimetazamwa majani tu?

Shule ya serikali ya Kabianga, karibu na mji wa Kericho, ilianzishwa mwaka 1925, wakati makampuni makubwa ya chai yalipokuwa yakianza kupanda mashamba yao. Mwaka 1949 kamati ya Beecher ilitoa taarifa yake juu ya elimu ya Waafrika. Masomo yakagawanywa mafungu matatu ya miaka minne minne, na mwisho wa fungu la kwanza na la pili uliwekwa mtihani wa kuchuja. Wa darasa la nane uliitwa KAPE. Nafasi za mbele zilikuwa chache mno, na Kiingereza kilikuwa mojawapo ya funguo za mlango ule. Ufunguo huo ulichongwa kwa karatasi na kalamu: mtoto alisoma, akaandika, akasahihishwa.

Walakini shida ya kwanza ya mtoto wa nchi hii haikuwa katika jicho, bali katika sikio. Lugha ya Kipsigis haitenganishi maneno kwa tofauti ya “p” na “b”, wala ya “t” na “d”, kama Kiswahili kitenganishavyo “pata” na “bata”. Basi mtoto aweza kusoma “pin” na “bin” kitabuni bila kosa, lakini mwalimu akiyatamka asijue ni lipi lililotajwa. Hilo si upungufu wa akili. Ni sikio lililozoea mpango mwingine wa sauti, nalo hufundishika.

Wako waliolitambua jambo hili. Mwaka 1957 ulianzishwa Nairobi, katika shule za watoto wenye asili ya Kiasia, utaratibu mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, uliotanguliza kusikia na kusema. Baadaye, kati ya mwaka 1980 na 1985, ulifanywa mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika shule za msingi za mashambani nchini Kenya. Kila siku ya masomo watoto walisikiliza nusu saa, wakaijibu redio kwa sauti. Walipopimwa kwa kusikia na kwa kusoma, waliwashinda wenzao waliofundishwa bila redio. Tazama: waliozoezwa kusikiliza walisoma vizuri zaidi pia.

Hata hivyo mitihani mikubwa iliendelea kulipendelea jicho. KCPE, iliyofanywa tangu mwaka 1985 hadi 2023, ilikuwa na maswali ya kuchagua jibu, pamoja na insha. Katika KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati yake ni za kusikiliza na kuzungumza. Lakini stadi hizo huulizwa na kujibiwa kwa maandishi. Huko Uchina, katika karatasi ya taifa ya kuingilia chuo kikuu, Kiingereza kina alama 150, na 30 ni za kusikiliza sauti iliyorekodiwa. Sababu za tofauti hiyo si ngumu kuzifahamu. Kupima sikio kwahitaji umeme, vyombo vizuri na kimya katika kila chumba kwa saa ile ile. Karatasi huhitaji dawati tu.

Lakini kisichopimwa aghalabu hakifundishwi. Mwalimu mwenye haraka huacha kusoma kwa sauti, na mwanafunzi hukariri jibu la swali la matamshi asilolisikia. Kisha siku moja yuko mbele ya mhadhiri, au daktari, au hakimu, na maneno yapita. Hapana karatasi ya kurudia.

Basi wewe usiyangoje maswali ya mtihani. Mwombe mwenzako akusomee ukurasa mmoja, nawe ukiwa umefunika kitabu. Kisha umweleze ulichosikia. Mtihani utakupa alama za ulichosoma. Alama za ulichosikia utazipata mahali ambapo hapana msimamizi.