Herufi Zilizopigiwa Kura: Maandishi ya Kihawaii

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umeona alama zikikatwa kwa sababu ya "kurara" badala ya "kulala". Katika visiwa vya Hawaii, Bahari ya Pasifiki, wamishenari kutoka Marekani walishindwa kuamua kosa ni lipi. Walipochapa kurasa za kwanza za Kihawaii Januari 1822, l na r zilipishana katika neno lile lile, t na k vivyo hivyo. Mfalme aliyeviunganisha visiwa hivyo aliandikwa Tamehameha na Kamehameha. Kwa wenyeji, maana haikubadilika.

Mwaka 1826 wamishenari hao walipiga kura. P iliishinda b, l ikazishinda r na d, k ikaishinda t, w ikaishinda v. Zikabaki herufi 12, na Honoruru ikawa Honolulu. (Kisiwani Niihau t husikika hadi leo, kura haikufika vinywani.)

Mimi siwalaumu kwa hilo. Lawama yangu ni kuhusu konsonanti ya nane, ile ya kuibana pumzi kooni, ambayo hawakuipa herufi. Leo huandikwa kwa alama iitwayo okina. Kou ni "-ako", koʻu ni "-angu". Hatari hiyo waliiona, wakatia ritifaa katika maneno machache ya aina hii, kwingine wakaacha. Wewe unayefundisha tofauti ya ng'oa na ngoa unajua uzito wa kijialama hicho.

Wenyeji wenyewe hawakupungukiwa na kitu, kwani masikio yao yalijaza pengo. Tangu Ka Lama Hawaii la 1834 walichapisha magazeti zaidi ya 100. Humo ndimo Samuel Kamakau alimoandika historia ya taifa lake katika miaka ya 1860. Kisha sheria ya 1896 ikaifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na masikio hayo yakapungua kizazi baada ya kizazi.

Kamusi ya Pukui na Elbert ya 1957 ilionyesha okina na irabu ndefu. Mwaka 1978 katiba ikakifanya Kihawaii lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Shule za chekechea za Punana Leo zikaanza 1984. Mwanafunzi wa leo anapolifungua gazeti la Kamakau hukuta "moa", naye hana budi kusoma sentensi nzima ajue kama ni kuku (moa) au ni kitu kilichoiva (moʻa). Kwa majina ya watu na ya mahali, mara nyingi hata sentensi haimsaidii.