Jinsi ya kupima faida ya mazoezi ya kijamii dhidi ya kisukari Kericho na Bomet

Mchumaji wa majani chai katika miteremko ya Kericho au Bomet hutembea kutwa akiwa na kikapu mgongoni, lakini akiulizwa kama hufanya mazoezi, huenda akajibu kwamba hafanyi. Jibu hilo laweza kuharibu tathmini ya mpango wowote wa kuwakinga wakazi dhidi ya kisukari. Ndiyo maana hojaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO) huuliza kando kuhusu kazi, safari za miguu na michezo.

Wa kutafutwa kwanza ni wale ambao miguu yao imepumzishwa: makarani, wenye maduka, wahudumu wa bodaboda, na wachumaji waliopoteza vibarua baada ya mashine kuingia mashambani, suala lililozua ghasia Kericho mnamo Mei 2023.

Kwamba kisukari cha aina ya pili chaweza kuzuiwa si jambo la kubahatisha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, ukiwa na washiriki 3,234, ulionyesha kuwa waliolenga dakika 150 za mazoezi kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzani walipata visa vipya vichache kwa asilimia 58 kuliko kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Lakini wao walirekebisha pia chakula, na kila mmoja alikuwa na mshauri wake. Kikundi cha kutembea cha kijijini hakiwezi kuahidi hayo kabla ya kupimwa.

Kosa la kawaida ni kuhesabu majina katika daftari la mahudhurio. Kosa lililojificha zaidi ni hili: mtu huandikishwa kwa kuwa sukari yake ilikuwa juu siku aliyopimwa. Akipimwa tena baada ya miezi sita, yaweza kuwa imeshuka hata kama hakufanya lolote, kwa sababu kipimo hubadilika siku hadi siku. Mpango husifiwa kwa kazi ambayo haukuifanya.

Dawa yake ni kundi la kulinganisha. Vijiji vyote vyaweza kuahidiwa mpango, kisha kura ikaamua vitakavyoanza mwaka huu na vitakavyongoja; hakuna anayenyimwa. Kote wapimwe uzani, kiuno na sukari ya asubuhi kabla ya kula, katika msimu uleule, maana mvua za Machi hadi Mei hubadilisha kazi na mwendo. Vikombe vya chai yenye sukari navyo viulizwe; hapa ndipo nyumbani kwa chai.

Walioacha kuhudhuria wafuatwe makwao na kupimwa pia. Wakiachwa nje ya hesabu, hubaki wenye bidii pekee, na matokeo hupendeza kupita kiasi.