Taji la Maziwa

Dondosha tone la maziwa kwenye sahani yenye maziwa kidogo. Utasikia tap! na kabla hujakaa sawa, yameshakwisha kuruka. Kilichotokea hapo katikati, jicho haliwahi kukiona. Kwa takriban miaka 150 sasa kuna watu wanakifukuzia, kwanza kwa penseli, kisha kwa kamera, kisha kwa hesabu na kompyuta. Na kila walipodhani wamekikamata, kuna kitu walikuwa wamekiacha nje.

Aliyelishikia bango jambo hili mapema ni Mwingereza Arthur Mason Worthington, aliyekuja kuwa mwalimu wa fizikia. Miaka ya 1870 alikuwa akijifungia kwenye chumba cha giza na kudondosha matone ya zebaki na maziwa. Tone likigusa chini, cheche ya umeme inawaka mara moja na kuzimika. Umbo linabaki machoni kwa kitambo kidogo, naye analichora upesi kabla halijapotea. Kisha tone lingine, cheche ikicheleweshwa kidogo tu, mchoro mwingine. Akiipanga michoro hiyo, anapata kisa kizima: tone linabonyea, ukingo unainuka, taji linachanua na ncha zake zimepangika sawasawa pande zote. Kumbuka, kila mchoro ni wa tone tofauti. Ilibidi aamini kwamba matone yote yanafuata njia moja.

Mwaka 1894 akafanikiwa kupiga picha. Basi! Picha zikaonyesha mataji yaliyopinda, ncha moja ndefu, nyingine fupi, upande huu umejaa, ule umepungua. Wala haikuwa tone moja lenye kasoro. Karibu yote yalikuwa hivyo. Katika kitabu chake cha 1908, *A Study of Splashes*, Worthington alieleza wazi yaliyotokea: hata zamani zile za penseli alikuwa ameshachora maumbo mengi yasiyo na ulinganifu, ila alipokuwa akipanga kisa chake aliyaweka kando, akiyahesabu kuwa ajali. Wahenga walisema macho hayana pazia. Akili, kumbe, inalo.

Unaweza kuuliza, taji likipinda kidogo kuna ubaya gani? Upo, na ni wa kihesabu. Tuseme ukingo wa taji ni pete iliyo sawa kabisa pande zote, na kila nguvu inayoisukuma ni sawa pande zote. Pete hiyo itapanuka, itapanda, itashuka, lakini itabaki pete. Haina sababu ya kukatikia hapa badala ya pale. Ili matone madogo yachomoke, lazima pawepo na hitilafu ndogo ya kuanzia, ambayo mvutano wa uso wa kimiminika utaikuza mpaka pete ikatike. Kwa maneno mengine, zile "ajali" alizoziweka kando ndizo zinazorusha maziwa.

Milinganyo ya mwendo wa vimiminika ilikuwepo tayari, kazi ya Navier wa Ufaransa (1822) na Stokes (1845). Kuifumbua ndiyo kasheshe. Mwaka 1967, kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, ileile iliyounda bomu la atomiki, Francis Harlow na John Shannon waliipa kompyuta kazi ya kukokotoa tone linaloanguka. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini ili hesabu iwezekane waliacha mnato, wakaacha mvutano wa uso, na wakachukulia kwamba tone ni sawa pande zote. Mashine ikachora taji lisilo na dosari, kama lile la penseli. Safari hii ulinganifu haukutokana na jicho; uliwekwa ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Na bado palikuwa na kitu ambacho karibu kila mtu alikipuuza: hewa. Mwaka 2005 Lei Xu, Wendy Zhang na Sidney Nagel wa Chuo Kikuu cha Chicago walidondosha matone ya alkoholi juu ya kioo kikavu na laini, huku wakipunguza hewa chomboni. Kanieneo ya hewa iliposhuka mpaka kama moja ya sita ya kawaida, tone lilitandazika tu. Hakuna taji, hakuna kuruka. Tone lilelile, kioo kilekile, kasi ileile. Hewa, ambayo ni nyepesi mno ukiilinganisha na kimiminika, ndiyo iliyokuwa ikiamua.

Hakuna modeli isiyoacha kitu nje. Ukitaka kuweka kila kitu, hutamaliza hesabu. Harlow na Shannon walijua walichoacha, na waliofuata wakajua pa kuendelea. Worthington ilimchukua miaka karibu 20 na kamera kukiona alichokiacha, ingawa kilikuwa kwenye karatasi zake mwenyewe, kimechorwa kwa mkono wake.